Chafya ya Mama Hawa

Simu iliita nikiwa nasahihisha insha ya mtu mwingine, kazi ninayoipenda kwa sababu makosa yanakuwa si yangu. Sauti ya mwanamke ikaniuliza kama mimi ndiye Deo aliyekuwa akikaa uani kwa Mzee Sefu, Kahama. Nikakubali kwa tahadhari, kwa kuwa nimefikia umri ambao kila anayenikumbuka ana sababu yake. "Ni Hawa wa studio," akasema. Akanijulisha kwamba mama yake amefariki, kwamba wamemsitiri vizuri, na kwamba arobaini itasomwa Jumamosi ya wiki ya tatu. Nikatoa pole zote nilizokuwa nazo. Akazipokea moja moja, kama mtu anayerudishiwa vyombo alivyoazimisha na kukagua nyufa. Halafu, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, akasema: "Uje, kaka Deo. Na uje na negativu yangu."

Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa nimejihakikishia kwamba hajui. Negativu anayoisema ni kipande cha mkanda wa picha kisichozidi ukubwa wa stempu, kimelala ndani ya bahasha ya khaki yenye jina langu, katikati ya kamusi ya Kilatini, lugha ambayo sikuwahi kuijua lakini nilipenda wageni waione kwenye rafu. Nimehama nyumba saba na kuachwa na mke mmoja. Bahasha imehama nami kila mara, na mke hakuwahi kuambiwa ndani kuna nini. Katika kipande hicho nyota ni vidoa vyeusi juu ya anga jeupe, kwa kuwa ndivyo negativu zilivyo, hugeuza mambo. Nimeandika habari za watu wengi, na baadhi yao wameacha kunisalimu. Lakini mwaka huu ninaotaka kuusimulia nimeuruka kila mara, nikitoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu, kama mtu anayeruka shimo la choo lisilofunikwa.

Ulikuwa mwaka 1981. Nilikuwa nimetoka Jeshi la Kujenga Taifa, nikapangiwa ukarani wa muda katika ofisi moja ya pamba pale Kahama wakati nikisubiri zamu yangu ya kwenda Dar es Salaam kusoma. Nilipanga chumba uani kwa Mzee Sefu, mpiga picha, mtu mwenye asili ya Ujiji aliyevaa kofia yake ya kiua hata ndani ya chumba cha giza, ambako hakuna aliyemwona. Mbele kulikuwa na studio yenyewe, yenye pazia lililochorwa ndege ikiruka juu ya maua, kiti kikubwa cha mbao, na dirisha la kioo lililojaa picha za maharusi na za wachimbaji waliokuja kutoka pande za Bugarama na redio mpya, wakitaka redio ionekane kuliko wao. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha giza, zamani ghala la karanga, kuta zimepakwa masizi, taa moja nyekundu, na harufu ya siki iliyotoka humo ikaingia hadi kwenye wali. Kisha ua: mchanga uliofagiwa, jiko la Mama Hawa, mke wa Mzee, pipa la maji, mlango wa chumba changu. Juu ya vyote hivyo kulikuwa na anga ambalo sijaliona tena popote. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, na ulikuja na kuondoka utakavyo. Ulipoondoka, nyota zilishuka karibu hivi kwamba hata mtu asiyezijali alipunguza sauti.

Mimi nilizijali, au nilidhani hivyo. Mwalimu wa kigeni aliyetufundisha Fizikia aliponiaga aliniachia kamera yake ya zamani na kitabu cha Kiingereza kuhusu kupiga picha vitu vya mbali vya angani: mawingu ya gesi, vishada vya nyota, ile Njia ya Maziwa. Alinipa pia ahadi. Nikipata picha moja nzuri ya anga letu la kusini, ambalo kwao halionekani, nimtumie, naye ataipeleka kwenye jarida la klabu yao ya watazama nyota. Ahadi ile ilinikaa kifuani kama mkaa. Nilikuwa kijana wa Ushirombo mwenye daraja la kwanza la Fizikia na mashati mawili, na nilitaka jina langu lichapwe, Deogratias, kwa herufi za chuma, ng'ambo. Leo najua kwamba nyota zilikuwa kisingizio, na ningepiga picha kuku kama jarida lingekuwa la kuku.

Hawa, binti yao, alikuwa na miaka kumi na tisa, mmoja pungufu ya wangu, na shule yake iliishia darasa la saba. Kazi yake pale studio ilikuwa kutoa madoa. Vumbi la Kahama liliingia kila mahali, likatua kwenye negativu, na kila chembe ikaacha kidoa cheupe kwenye picha. Hawa alikaa dirishani na lenzi ya kukuzia, brashi yenye unywele mmoja au miwili, na kichupa cha wino, akaziba vidoa kimoja kimoja mpaka uso wa mteja ukawa safi kuliko ulivyozaliwa. Baba yake akishakagua, aligonga mhuri nyuma, na Hawa akaandika kwa penseli jina la mtu aliyemo pichani. Mpiga picha haandikwi. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Sefu. Alisema picha ni ya aliye ndani yake, na kwamba mwenye kamera akitaka kujulikana aingie naye akae kwenye kiti.

Mwezi Februari, mvua zilipopumua siku tatu, nilipiga Kilimia, kile kishada cha nyota. Niliweka kamera juu ya pipa, nikafungua kwa sekunde ishirini, nikahesabu kwa saa yangu ya mkono nikiwa nimeshika pumzi. Mzee Sefu alinihurumia, akaisafisha na kuichapa pamoja na picha za vitambulisho. Jioni iliyofuata Hawa alinikabidhi picha yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa karibu nyeusi tupu.

"Ilikuwa na uchafu mwingi, kaka Deo," akasema. "Nimetoa madoa yote. Manne tu yamekataa."

Nilimweleza, kwa upole wa msomi ambao sasa nikiukumbuka natamani kujipiga kofi, kwamba madoa yale ndiyo yalikuwa picha. Nilitazamia aone aibu. Badala yake aliirudisha dirishani, akaweka lenzi yake, akatazama manne yaliyobaki muda mrefu. Akasema kweli, haya si vumbi, vumbi lina kingo kali lakini haya yana ukungu pembeni. Akauliza kwa nini moja ni pana kuliko mengine. Sikujua. Nikasema ni jambo gumu kidogo kulieleza kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo aliuliza, nami nikajibu kwa ukarimu wa mtu anayedhani hasikilizwi. Nilimweleza kwamba ukiacha kamera wazi kwa dakika kumi mwanga hafifu huingia wa kutosha, mawingu yasiyoonekana kwa macho yakaonekana. Lakini dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinaburuzika na kuwa mistari. Dawa yake ilikuwa kwenye kitabu: mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba kama jalada la kitabu, bolti chini yake, kamera juu. Ukizungusha bolti taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika, ubao wa juu huinuka na kamera ikafuata nyota. Fundi seremala alinitengenezea. Nikaisimamisha bawaba kama ilivyochorwa kitabuni, imeegama juu kama boriti ya paa la kanisa, nikapiga picha Aprili yote na Mei yote. Nyota zangu zilitoka kama mvua ya kusi, zimelala upande. Nikabadilisha bolti. Nikamlaumu seremala. Nikaandika kwenye daftari, kwa Kiingereza, kwamba mbao za huku zina unyevu.

Hawa hakuwa na daftari. Alichofanya ni kuazima kamera yangu jioni moja nikiwa kazini, akaitega juu ya pipa ikitazama kusini, akaiacha wazi tu, bila mbao, nyota ziburuzike zitakavyo. Picha ilipotoka akaniita dirishani. Mistari ilikuwa imepinda, miduara juu ya miduara, kama mawimbi yanayolizunguka jiwe lililotupwa majini, na kitovu chake kilikuwa pale chini, kidole kimoja tu juu ya bati la nyumba ya jirani. "Zinazunguka hapa," akasema, akigusa bati. "Bawaba yako inaangalia juu kule. Kule kuna nini?" Akauchukua ule mtambo wangu, akaulaza karibu sawa na meza, ukielekea kusini, na chini ya ncha ya kusini akasukuma kiberiti kimoja, kilicholazwa. Hilo tu. Mchoro wa kitabu ulikuwa wa mtu wa Ulaya, ambako kitovu cha anga kiko juu sana. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, kitovu chetu kimekaa juu ya bati la jirani. Na chini ya mchoro, nilipokwenda kusoma usiku ule kwa kibatari, palikuwa na sentensi inayosema hayo waziwazi: pembe hutegemea mahali msomaji alipo. Nilikuwa nimeiruka kwa sababu nilidhani msomaji ni mimi, na kwamba mahali si hoja.

Nimesoma baadaye kwamba mwenye wivu hutamani alicho nacho mwenzake. Wangu haukuwa na tamaa hiyo. Ulitaka tu mwenzangu asiwe nacho. Nilianza kuonea wivu vitu ambavyo mtu mwenye akili hawezi kuvionea: vidole vyake visivyotetemeka, namna alivyopoza dawa za kusafishia filamu kwa kuzika chupa kwenye mchanga kando ya mtungi, ilhali mimi nilikuwa nikilalamika kwamba kitabu kinataka nyuzi ishirini na Kahama haina. Nilimwonea wivu hata kutokuwa na cheti, kwa sababu asiye na cheti akikosea hakuna anayeshangaa.

Mwezi wa Ramadhani uliangukia Julai. Ingawa mimi ni Mkatoliki, Mama Hawa hakukubali nipikie chumbani watu wakifuturu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini na pua yenye ugomvi na vumbi. Niliketi mkekani na Mzee Sefu upande wa baraza, tukaletewa uji wa pilipili manga, viazi vitamu vya nazi kama nazi imepatikana, na isipopatikana vya karanga. Sukari ilikuwa adimu mwaka ule, tukaisahau. Wanawake walikula ndani, nyuma ya pazia. Siku moja alikuja kufuturu mgeni mfanyabiashara kutoka Kagongwa. Nilikuwa nimekwenda kunawa pipani, na giza likanificha. Mgeni aliuliza habari za kijana anayesemekana kupiga picha nyota. Mzee Sefu akatafuna kwanza. "Kijana ana kitabu," akasema. "Jicho analo Hawa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni maji yako wapi. Nilirudi mkekani, nikala viazi vyangu vyote na vya mgeni, na mpaka leo viazi vya karanga vinanipa kiungulia.

Baada ya Idi akaja Kulwa. Huyu alikuwa mchimbaji, Msukuma wa Geita, mwenye meno mawili ya dhahabu aliyoyachimba, alisema, kwa mkono wake. Kila mkanda wa picha ulikuwa shida mwaka ule. Studio ilisubiri miezi, na mkanda wa kasi, ule unaonasa mwanga hafifu, ulikuwa ndoto. Kulwa alikuwa na jamaa wanaovuka mipaka. Aliingia, akasalimu nyumba nzima kwa mwangaluka ya kwao, akatoa mfukoni mkanda mmoja wa kasi. Nikasimama. Nilikuwa nimemwomba mimi, miezi miwili nyuma, nikamwandikia na aina yake kwenye karatasi. Akanipita, akaenda dirishani, akauweka mbele ya Hawa.

"Karatasi yako ndiyo niliyowaonyesha, bwana karani," akaniambia. "Ila huyu ndiye aliyenitoa kovu usoni. Mama yangu aliiona ile picha akalia." Kisha akainama juu ya moja ya picha zangu za mistari iliyokuwa mezani, akaigeuza huku na huku. "Hii ni karai la mchanga kabla halijaoshwa. Dhahabu imo, lakini aliyelishika kalitikisa."

Hawa akacheka mpaka akaweka brashi chini. Nami nikacheka, kwa kuwa kutocheka kungeonekana.

Sasa lilibaki tatizo la kuzungusha bolti. Mzunguko mmoja kwa dakika, sawasawa, gizani, bila taa ya kuangalia saa, kwa sababu taa ingeharibu picha. Binti hakai uani usiku na mpangaji bila mtu mzima, kwa hiyo kila tulipotoka baada ya sala ya isha Mama Hawa alitoka nasi, akatandika mkeka, akavuta uradi wake kwa tasbihi. Punje ziligonga, tik, tik, na yeye akinong'ona. Hapo ndipo Hawa alipopata saa yake. Mchana aliupima uradi wa mama yake kwa saa ya ukutani bila mwenyewe kujua, akakuta kila punje kumi na moja ni robo dakika. Punje kumi na moja, robo mzunguko. Mama Hawa alikuwa ameuvuta uradi ule miaka thelathini na mwendo wake haukubadilika mvua wala jua. Nilipoona hivyo nikakumbuka kwamba sisi nasi tuna hesabu zetu. Nikachukua rozari niliyopewa kwenye kipaimara, nikajaribu: Salamu Maria moja, robo mzunguko. Nyota zangu zikatoka na mikia inayozidi kurefuka kuelekea mwisho. Hawa alizitazama kwa lenzi, akaniuliza kwa heshima kama sala zetu huwa zinaenda kasi zinapokaribia kwisha. Hazikuwa zikienda kasi. Nilikuwa nikisali huku nimekasirika, na mtu aliyekasirika hafiki Amina kwa mwendo mmoja.

Siku za mwisho za Agosti, mwezi ukiwa haupo na anga limekauka kama ngozi ya ngoma, Hawa alikitia kamerani kipande cha mwisho cha mkanda wa Kulwa, cha kutosha picha moja, vingine vikiwa vimekwisha kwa majaribio. Alitaka lile wingu la kitabuni lililo karibu na mkia wa Nge, kundi la nyota ambalo saa ile lilikuwa juu ya jiko. Mimi nilisema nina homa. Nikajilaza chumbani mlango umerudishwa, nikijifunika blanketi kwa ajili ya ushahidi. Mama Hawa aliniletea uji wa mtama, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaona ni baridi, akasema tu, "Kunywa, mwanangu," akatoka. Nikasikia mkeka ukitandikwa. Nikasikia mlio wa kamera kufunguka. Halafu tik, tik, tik, na kila baada ya kumi na moja sauti ndogo ya bolti. Nilihesabu pamoja nao, sikuweza kujizuia. Dakika ya kwanza, ya tatu, ya sita, hakuna kosa. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile na kukichukia kiasi kile.

Katika dakika ya nane Mama Hawa akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," akasema, kama inavyopasa. Naye aliyesikia inampasa kuitikia. Hawa akaitikia, "Yarhamukillah," na mama akatakiwa kurudisha dua, akairudisha. Kabla hajamaliza akapiga ya pili. Jirani upande wa pili wa uzio, aliyekuwa hata hatujui kama yuko macho, naye akaitikia. Ikaja ya tatu. Dua zikapishana juu ya uzio kama watu wanaoagana msikitini, na mkono wa Hawa ulikuwa umesimama, kwa sababu hakuna wa kuhesabu. Ilipita karibu dakika nzima. "Mama, nimepoteza hesabu," akasema Hawa, nusu kicheko. Nami ndani ya blanketi langu, mwenye homa ya baridi, nilifurahi hata nikauma shuka.

Mkanda ulisafishwa kesho yake. Nilikwenda chumba cha giza kufariji. Karatasi ilipolala kwenye dawa, chini ya taa nyekundu, kwanza hapakuwa na kitu. Kisha anga likaja kutoka ndani yake, taratibu: nyota kwa maelfu, mto wa maziwa uliokatwa na mapito meusi, na karibu na mkia wa Nge doa jororo, wingu la gesi ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona kwa macho. Mzee Sefu alivua kofia yake. Ilikuwa mara ya kwanza nione kichwa chake. Ukiweka lenzi ungeona kila nyota ina kikia kifupi ubavuni, ile dakika ya chafya. Nilikiona mara moja. Nilikuwa nikikitafuta.

Hawa naye alikiona, akasikitika, lakini mkanda ulikuwa umekwisha na mwingine haukuwepo. Akaigeuza picha, penseli mkononi. "Nyuma niandike nini? Hakuna mtu ndani." Nikamwambia aiache hivyo, nitaandika barua kwa Kiingereza na kuyapeleka yote, picha na negativu. Akafikiri. Akasema, "Basi safari hii andika langu. Hawa binti Sefu, Kahama." Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Nikamwambia bila shaka.

Barua niliiandika usiku huo, nzuri sana, yenye nyuzi na dakika na unyevu wa mbao. Nilipofika mahali pa jina nilijikumbusha kwamba kamera ni yangu, kitabu changu, mbao zangu, na mkanda umetokana na karatasi yangu. Nikaandika Deogratias. Mkono haukutetemeka, mara ya pekee mwaka ule. Negativu sikuituma. Niliitia kwenye bahasha ya khaki, nikaandika jina langu na hapo pia, ili kuzoea.

Anwani pekee niliyokuwa nayo ilikuwa sanduku la posta la Mzee Sefu. Jarida lilifika Novemba. Hawa alinikabidhi bahasha uani, nikaifungulia chumbani. Ukurasa mzima wa anga letu, na chini yake mimi. Maelezo yalisifu anga na kutaja kwamba mtambo uliteleza kidogo karibu na mwisho, kosa la kawaida kwa wanaoanza. Nilisoma jina mara arobaini na kosa mara moja. Wakati wa kula Hawa aliuliza kama wamejibu. Nikasema bado. Baada ya wiki akauliza tena, nikalaumu posta. Aliuliza mara ya tatu siku niliyokuwa nafunga sanduku kwenda kupanda treni Isaka. Nikasema watu wale ni wazito, lakini nikipata habari nitaandika. Mama Hawa alinifungia michembe, viazi vilivyokaushwa, iwe chakula cha njiani. Sikuandika. Wala sikupiga picha ya nyota tena. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, na chuoni nikaacha Fizikia, nikaingia fasihi, ambako mtu anaweza kuishi muda mrefu kwa jina tu.

Jumamosi ya arobaini nilifika Kahama na bahasha kwenye mfuko wa koti, nikiwa nimeandaa hotuba ya toba ya kurasa mbili. Kisomo kilikwisha, tukala pilau, watu wakatawanyika. Ua ni ule ule, ila umewekwa saruji, na taa za mji zimeliosha anga. Hawa amekuwa bibi mwenye miwani na sauti ya chini ya mama yake. Alinikaribisha dirishani pale pale. Nikaanza hotuba. Hakuniacha nimalize sentensi ya kwanza.

"Bahasha ya lile jarida niliifungua mimi," akasema. "Nikaona picha, nikaona jina. Nikaibandika tena kwa uji."

"Lakini uliendelea kuniuliza."

"Mara tatu. Nilitaka kuona utafika wapi. Ile ya tatu, bahasha ya negativu ilikuwa juu ya sanduku lako."

Nikauliza, kijinga, kama alikasirika. Akasema alikasirika siku mbili, kisha akashukuru, kwa kuwa picha ile ilikuwa na kosa na aliona afadhali kosa liende kwa Wazungu na jina langu. Akasimama, akaleta makopo ya maziwa ya unga, sita, yamejaa negativu. Alikuwa ameendelea. Alipata kamera yake, mbao zake, kiberiti kile kile, na kila kiangazi kwa miaka ishirini mama yake alitandika mkeka. Nilizitazama kwa lenzi moja baada ya nyingine. Nyota zilikuwa vitone vitupu, mawingu yamejifunua kama nyuzi za pamba, hakuna kikia hata kimoja. Nilikuwa nimeiba picha mbaya kuliko zote. Kile kitu cha zamani kikaamka kifuani, hakijazeeka hata siku moja.

"Zote hizi Mama yupo," Hawa akasema, "ila haonekani. Baada ya chafya zile alikuwa akijifunga mtandio puani, asije akaniharibia tena. Miaka ishirini, hata kikohozi hakikumtoka." Akanyoosha mkono. Nikampa bahasha. Akaitoa negativu, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaweka lenzi, akatafuta. Alipokipata kile kikia hakuiondoa lenzi muda wa punje nyingi.

"Huyu hapa," akasema.

Kisha akaichukua bahasha ya khaki, akakata jina langu kwa mstari mmoja wa penseli, bila hasira, kama anayeziba kidoa. Chini yake akaandika: Mama Hawa. Lake hakuliandika. Hata hilo nilimwonea wivu.